Ufa ni wa nani? Kwa nini nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinaanguka

Methali ya ufa na ukuta tumefundishwa sote tangu skuli, na sijamsikia mtu akiibishia. Ila methali ile haisemi ufa ni wa nani. Ndani ya Mji Mkongwe hilo ndilo swali zito kuliko yote. Nyumba moja ya ghorofa tatu inaweza kuwa na warithi kumi na wanne, wengine wako Maskati, wengine Dubai, wengine London na Toronto. Ndani yake mna wapangaji sita wanaolipa kodi ndogo. Chini pana duka la vinyago, na kabatini mwa ofisi fulani limo jalada la nyumba hiyo hiyo. Ufa wanauona wote, wa kuuziba hapatikani.

Wengi husema nyumba hizi zinaanguka kwa uzee. Mimi sikubali. Msikiti wa Malindi Bamnara, ule wenye mnara wa mfano wa pia, ni mkongwe kuliko nyumba nyingi zilizogeuka vifusi, nao umesimama kwa sababu kila kizazi kimekuwa na watu wanaojua kwamba kuutunza ni kazi yao. Jiwe na chokaa havina tarehe ya kufa. Kinachokufa ni uhusiano baina ya nyumba na mtu wa kuipandia ngazi, na ukitaka kuelewa namna mji unavyochakaa, hapo ndipo pa kuangalia.

Eneo lenyewe ni dogo. Urithi wa Dunia uliosajiliwa na UNESCO mwaka 2000 ni hekta 96 tu, na majengo yaliyohesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa kiasi cha 1,700. Takriban robo tatu yake yalionekana tayari yamechakaa au yanaelekea huko. Kwa hiyo tatizo si la jana, na wala halikuletwa na watalii, ingawa watalii nao wana sehemu yao, nitaifikia.

Tuanze na maji, kwa sababu nyumba huanza kufa juani na mvuani kabla ya kufa makaratasini.

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi. Kutoka ukuta huu hadi ule zimelazwa boriti za mikoko, nyingi zikitoka delta ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba: kiasi cha mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti yalipangwa mawe, yakafuata kokoto na chokaa, kisha watu wengi wakakaa kutwa wakiponda kwa vijiti huku wakiimba, mpaka ikawa sakafu. Kazi hiyo ilikuwa karibu na shughuli ya harusi kuliko kibarua.

Ujenzi huu unavumilia mengi. Haustahamili kitu kimoja: maji yanayoingia yasipate pa kutokea. Mapaa bapa ya zamani yalitoka kwenye nchi zenye mvua haba, na mvua za Unguja zikayashinda, ndipo watu wakaezeka bati juu yake. Sasa bati likitoboka, au mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa, ukiziba kwa majani na kinyesi cha ndege, maji humwagikia ukutani badala ya uchochoroni. Udongo uliomo ndani ya ukuta hulainika. Ncha ya boriti, ile iliyozama ndani ya jiwe, huanza kuoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Mtu analala chini ya boriti nyeusi, nzima, imara kwa kuitazama, kumbe ncha yake imeshakuwa unga. Masika yakikaza, boriti moja huchomoka. Dari huangukia sakafu ya chini yake, na ukuta uliokuwa umefungwa na boriti zile hubaki kama mtu aliyevuliwa mshipi.

Halafu kuna saruji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uharibifu huu hufanywa na watu wenye nia njema. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Lipu ya saruji ni ngumu na haipitishi hewa. Ukiipiga juu ya ukuta wa zamani, nyumba inapendeza mwaka wa kwanza, huku ndani unyevu na chumvi vimefungiwa. Chumvi inapokauka hutanuka na kuusukuma ukuta kwa ndani. Baada ya muda lipu hubanduka vipande vikubwa, na kila kipande huondoka na nyama ya ukuta. Lakini saruji ipo dukani, inauzwa kwa mfuko, na fundi yeyote anaijua. Chokaa inataka kuchomwa tanuu, kuzimwa kwa maji, kulowekwa shimoni kwa muda mrefu, na fundi aliyefunzwa na fundi. Mpangaji aliyevujiwa usiku hawezi kuisubiri. Simlaumu.

Sasa rudi kwenye bati lililotoboka. Pale mwanzo lilihitaji ngazi, misumari na alasiri moja. Kwa nini haikutokea?

Jibu linaanzia kwenye historia, na inabidi tuisimulie bila kumkata mtu kichwa. Nyumba nyingi za mawe zilijengwa karne ya 19, wakati wa utawala wa Masultani wa Kiomani na biashara ya karafuu, pembe na watumwa. Wenye nyumba walikuwa matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na ng'ambo ya pili ya hori, pale panapoitwa Ng'ambo mpaka leo, Waafrika walio wengi waliishi katika vibanda vya udongo na makuti. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zilitaifishwa. Serikali mpya iliweka nguvu zake Ng'ambo, ikajenga maghorofa marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na kwa watu waliokuwa hawajawahi kuwa na choo cha ndani hilo lilikuwa jambo la haki. Ndani ya Mji Mkongwe nyumba zilizobaki wazi zilijazwa familia kutoka mashamba na Pemba, pengine familia moja kila chumba.

Tazama basi lililotokea. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja wenye watumishi imepata kaya saba. Kila kaya inapika, inafua, inatia maji. Bomba linaongezwa ghorofani, choo kinawekwa pasipokuwa na choo. Kodi ni ndogo kiasi kwamba haitoshi kununua hata bati la nyumba hiyo hiyo. Mpangaji anajiuliza: nitie pesa zangu kwenye paa la serikali, halafu kesho nihamishwe? Na mpangaji wa ghorofa ya chini hajui kama kuna tundu juu, kwani yeye havujiwi, bado.

Huko Detroit, Marekani, mji uliokuwa na watu zaidi ya 1,800,000 mwaka 1950 ulibakiwa na kama 640,000 mwaka 2020, na nyumba zikafa kwa kukosa watu. Sisi nyumba zetu ziliugua zikiwa zimejaa. Kwa hiyo anayesema dawa ni kurudisha watu, au dawa ni kupunguza watu, hajauona ugonjwa. Nyumba inaweza kuwa na watu thelathini na isiwe na mwenyewe.

Nyumba za wakfu ni mkasa wa peke yake. Mtu aliweka nyumba yake wakfu ili kodi yake itie mafuta taa ya msikiti, ilishe maskini au isaidie kizazi chake. Kwa nia yake, nyumba isiuzwe wala isirithiwe mpaka siku ya mwisho. Sharti lililomo ndani ya wakfu, lililo wazi kwa kila mwanachuoni, ni kwamba kodi kwanza iitunze nyumba yenyewe, ndipo kinachobaki kiende kwa wanufaika. Lakini kodi ikiwa ndogo mno, hakuna cha kwanza wala cha pili. Kamisheni inayosimamia wakfu ina nyumba nyingi na mapato machache, na mpangaji wa wakfu aliyekaa miaka arobaini anaiona kodi ya zamani kuwa haki yake. Nimewasikia wazee wakisema kupandisha kodi ya wakfu ni dhulma. Kwa heshima yao yote, naona kuiacha nyumba ya wakfu ianguke ni dhulma kubwa zaidi, kwa aliyeiweka na kwa msikiti wake.

Nyumba za familia nazo zinavunjwa na mirathi isiyogawanywa. Babu alifariki, watoto hawakwenda kwa kadhi kwa sababu bibi alikuwa hai na kuzungumzia mirathi mbele yake ni aibu. Bibi akafariki, watoto wakazaa, wengine wakahama. Kizazi cha tatu kinapofika, sehemu ya mtu ni moja ya arubaini na nane ya nyumba ambayo hajawahi kulala ndani yake. Huyo hatatuma pesa ya bati. Pia hatakubali iuzwe, kwani ni ya babu. Mmoja wa warithi aliyebaki ndani akitengeneza kwa pesa zake, wenzake wanamshuku kuwa anataka kujimilikisha. Basi naye anaacha. Hivi ndivyo mapenzi ya watu kwa nyumba ya babu yao yanavyoiua.

Utalii ulikuja kwa nguvu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na ukatia pesa penye uchovu. Lazima nikiri kwamba nyumba kadhaa za mtaa wa Shangani zisingekuwepo leo kama zisingegeuzwa hoteli. Lakini kila chumba cha mgeni kinataka choo chake na maji ya moto, na tangi zito juu ya paa, na ukuta ulioundwa kubeba wakaazi sasa unabeba tani za maji. Kamati ya Urithi wa Dunia imeshaonyesha wasiwasi wake juu ya ujenzi usiofuata mpango wa uhifadhi, mmojawapo ukiwa wa hoteli ya pale Mambo Msiige, ufukweni Shangani. Kuna hasara nyingine isiyoonekana katika ripoti. Familia inapouza na kuhamia Mbweni au Chukwani, nje ya Mji Mkongwe, mji unapoteza macho. Yule mama aliyekaa barazani Hurumzi tangu asubuhi ndiye aliyekuwa akijua mlizamu wa nani umeziba, na alikuwa akimwita mwenyewe kwa jina. Mwenye duka la kukodi anayefunga saa mbili usiku hajui, na ukimwambia atakujibu kuwa yeye analipa kodi tu.

Mtu atasema: basi tatizo ni umiliki uliotawanyika, nyumba ikiwa na mwenyewe mmoja itapona. Ingekuwa hivyo, Beit al-Ajaib isingeanguka. Jumba lile lilijengwa 1883 kwa Sultan Barghash bin Said, ni mali ya serikali, lilikuwa makumbusho, na kila mtu duniani anayejua Zanzibar analijua. Mwaka 2012 kipande chake kilianguka. Likafungwa. Mazungumzo yakaendelea mwaka baada ya mwaka, na ukarabati kwa msaada wa Oman ulikuwa umeanza pale sehemu kubwa ya mbele na mnara wa saa vilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Watu wawili walifariki. Kati ya kipande kidogo cha 2012 na mauti ya 2020 kulikuwa na masika nane. Mwenyewe alikuwepo, ila haraka ya mvua haikulingana na mwendo wa mafaili.

Basi mkaazi afanye nini? Nasema na mkaazi, awe mpangaji, mrithi au mwenye duka, kwa sababu yeye ndiye analala chini ya boriti.

La kwanza halihitaji kibali cha kubishaniwa. Kabla ya masika, yaani Februari, na tena kabla ya vuli, mtu apande juu. Azibue mlizamu, agonge msumari uliolegea, aangalie bati liloinuka. Ang'oe mche wowote uliota ukutani ungali mwembamba kama kidole, hasa wa jamii ya mtini, kwani mizizi yake huingia katikati ya mawe na kuyaachanisha. Ukishakuwa mti, kuung'oa kunabomoa ukuta na kuuacha kunabomoa pia. Nyumba yenye kaya nane, kila kaya ikitoa shilingi 10,000 kwa mwezi, ina shilingi 960,000 kwa mwaka. Hazijengi ghorofa. Zinanunua mabati kadhaa, misumari na siku za fundi, na hicho ndicho kilichokosekana miaka yote. Kinamama wa Unguja wanaendesha upatu wa mamilioni bila hata daftari. Upatu wa paa hauwashindi.

Mpangaji mwenye hofu ya kutia pesa kwenye nyumba ya mwingine aanze na barua. Aandike tatizo, gharama ya fundi, picha yenye tarehe, na ombi kwamba matengenezo yakatwe kwenye kodi. Nakala moja kwa mwenye nyumba au kamisheni, moja kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, moja kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Asifanye kazi kwanza akaomba baadaye. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ina nguvu kuliko malalamiko ya miaka kumi barazani, na siku ukuta ukianguka, itajulikana nani alijua na tangu lini.

Warithi wakutane wakati wazee wangali hai. Najua ni mazungumzo machungu. Yafanyike Idi, watu wanaporudi, na walio nje waingie kwa simu. Wakubaliane mambo mawili tu siku hiyo: mmoja apewe wakala wa kisheria wa kusimamia nyumba, na sehemu ya kodi iende akaunti ya matengenezo kabla ya kugawanywa. Mirathi yenyewe ipelekwe Mahakama ya Kadhi kwa wakati wake. Ndugu aliyeko ughaibuni asiyeweza kuja anaweza kulipia fundi wa chokaa wiki moja. Hiyo ni sadaka bora kwa babu yake kuliko kumbukumbu anazoweka kwenye simu.

Ukiona ufa, usiupake rangi. Bandika juu yake utepe mwembamba wa lipu, au kipande chembamba cha kioo kilichoshikwa pande mbili, na uandike tarehe pembeni. Kikipasuka, ukuta unatembea. Zipo dalili nyingine ambazo bibi zetu walizijua: mlango uliokuwa ukifunga umeanza kukwama, mchanga unadondoka kutoka darini usiku, ukuta umefanya tumbo kuelekea uchochoroni. Hizo zikikutana na mvua ya siku tatu mfululizo, toa watoto kwanza, barua baadaye. Na mwambie jirani, kwa sababu nyumba za Mji Mkongwe zinaegemeana, na ya kwako ikienda haitakwenda peke yake.

Kwa lipu, muulize fundi swali moja: unatumia nini? Akisema saruji, mtafute mwingine au iombe Mamlaka ikuelekeze kwa fundi wa chokaa. Kazi yoyote ya kubadilisha jengo inahitaji kibali chake, na pale ndipo unapoweza kupata ushauri.

Yapo ambayo mkaazi hawezi, na kumbebesha ni kumwonea. Hawezi kupanga kodi za wakfu na za serikali zifikie gharama ya kutunza nyumba, huku wasiojiweza wakipewa nafuu ya wazi badala ya nyumba nzima kuuawa kwa jina lao. Hawezi kumzuia mwenye fedha anayejenga zege usiku nyuma ya turubai. Hawezi kusomesha kizazi kipya cha waashi wa chokaa. Hayo ni ya serikali na mamlaka zake, nazo zimekuwa na chombo cha uhifadhi tangu 1985 na mpango wa uhifadhi tangu 1994. Karatasi ipo. Kinachotakiwa kwa viongozi ni pesa, wakaguzi wanaopanda ngazi, na ujasiri wa kumwambia mkubwa hapana.

Nyuma ya Kiponda ipo nyumba ninayoipita tangu utoto. Ghorofa ya juu imefungwa, ya kati anakaa bibi mmoja na wajukuu, chini panauzwa nguo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiuona mche juu ya dirisha la pili, kila masika umerefuka. Nilidhani bibi hauoni. Siku moja nikamwambia, shikamoo bibi, mti ule utaivunja nyumba. Akanijibu marahaba mwanangu, nauona, lakini ufunguo wa juu hatuna. Ufunguo ulikuwa kwa mrithi Maskati. Ilichukua simu nne na mwezi mzima kuupata, na nusu saa kuung'oa mche. Tundu lililobaki lilikuwa kubwa kiasi cha kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na ndani yake boriti ilikuwa imelowa.